Sumaku ya Nelima

Asubuhi ile Nelima alikunywa chai yake akiwa amesimama mlangoni, kama kawaida yake, akitazama pikipiki zikipita barabara ya Kanduyi. Mume wake, Jotham, alikuwa ameketi ndani na redio. Nabwile, mke wa mtoto wao Sifuna, alileta viazi vitamu, akaviweka juu ya stuli mbele ya Jotham, akarudi nyuma. Hakumpa mkononi. Kwao mke wa mtoto hamgusi baba mkwe, hata kwa salamu, na Nabwile alikuwa ameishika desturi hiyo tangu aolewe.

"Redio yako inakohoa," Nelima alimwambia mume wake.

"Ni betri."

"Si betri. Ni wewe unaipiga makofi kila siku. Hata mimi ungenipiga hivyo ningekohoa."

Nabwile alicheka akiwa ameziba mdomo. Jotham akazima redio. Asubuhi yao ya mwisho ya kawaida ilikuwa hiyo tu. Chai, viazi, redio mbovu.

Kisha Nelima akaketi, akavuta mkebe wake wa kazi.

Nelima alikuwa fundi wa waya za pikipiki. Kibanda chake kilikuwa hapo nje, kando ya barabara, na vijana wa bodaboda walimwita Mama Waya. Mwisho wa kila waya wa pikipiki kuna kichwa kidogo cha shaba kinachoingia ndani ya kichwa kingine, na hapo ndipo moto wa betri unapita. Mafundi wanaviita terminali. Ziko terminali za shaba, na ziko za chuma zilizopakwa rangi ya shaba. Ukiziangalia kwa macho ni mapacha. Lakini ile ya chuma inashika kutu, inapata joto, na plastiki iliyoizunguka inayeyuka. Taa inazimika ukiwa njiani. Ikiwa terminali yenyewe iko chini ya tangi la petroli, basi taa ndiyo shida ndogo.

Kwa hiyo Nelima alikuwa na sumaku. Aliitoa kwenye spika iliyokufa, akaitia kamba, akawa anaitundika shingoni kama msalaba. Shaba haishikwi na sumaku, chuma kinashikwa. Terminali yoyote mpya aliimwaga kwanza kwenye sahani yake ndogo yenye ukingo wa bluu, akaipitishia sumaku. Iliyonaswa alitupa. Iliyobaki iliingia mkebeni. Na iliyoingia mkebeni haikupimwa tena, kwa sababu ilikwisha hukumiwa.

Asubuhi hiyo aliinama achague terminali moja kutoka mkebeni. Sumaku ikaning'inia. Terminali ikaruka kutoka kwa vidole vyake, ikajibandika kwenye sumaku, ta.

Nelima aliibandua, akaiachilia. Ta.

Akachukua nyingine, na hiyo nayo ikaruka. Akamwaga mkebe wote juu ya meza. Jotham aliona mkono wa kulia wa Nelima ukifanya kazi peke yake, ule wa kushoto umelala kwenye paja.

"Nabwile," Nelima aliita. "Ile siku kina mama wa kanisa walikuja hapa, sahani yangu ilikuwa wapi?"

"Ya bluu? Niliiosha, Mama. Mandazi zilikuwa nyingi, sahani hazikutosha."

"Na ile vitu ilikuwa ndani?"

"Nikaweka kwa mkebe, Mama. Si ndiyo huwa unaweka hapo?"

Nelima alifumba macho. Zile za kwenye sahani alikuwa amenunua kwa mchuuzi mmoja aliyepita na begi, na alikuwa hajazipima. Hakumgombeza Nabwile. Alikaa tu, midomo ikitembea, kama mtu anayerudi nyuma siku moja moja, pikipiki moja moja.

"Ni Kizito peke yake," akasema mwishowe. "Baba Sifuna, ni Kizito."

Kizito alikuwa kijana wa Naitiri, kijiji kile kile Nelima alikozaliwa. Alikuwa amenunua pikipiki kuukuu, waya zake zimesokotwa na kufungwa na karatasi za plastiki. Nelima alimtukana kwanza ndipo akamtengenezea. "Hii ni waya ama ni nywele ya kusuka? Unabebea watu kwa hii kitu?" Akamwekea waya mpya zote, na ule mkubwa, wa kutoka betri kupita chini ya tangi, akaufunga kwa terminali kubwa kutoka mkebeni. Kizito akashukuru, akaenda zake. Kazi yake ilikuwa kubeba kabeji kutoka Kachibora kuleta soko la Kitale. Na alikuwa amesema, akicheka kwa furaha, kwamba mke wake Phelista yuko Kachibora kwa wazazi wake, mimba imekuwa kubwa, na baada ya wiki moja, jioni, angemleta Kitale kwa pikipiki ili akae karibu na hospitali.

Jotham akapiga simu. Mteja hapatikani. Akapiga tena, bado hapatikani.

"Leo jioni," Nelima akasema. "Ile terminali imenyeshewa wiki nzima. Na leo ataweka Phelista hapo juu yake."

Kati ya terminali zote juu ya meza, ndogo za shaba zilikuwepo. Kubwa zote zilikuwa za chuma. Bungoma mjini alikuwa ametafuta hizo kubwa mwezi uliopita akakosa, ndiyo sababu mchuuzi alimpata. Mahali pa hakika palikuwa pamoja tu, duka la Mama Lajwanti, Kitale.

"Nitaenda," akasema, akasimama, akashika meza.

"Mkono huo una nini?" Jotham akauliza.

"Nimeulalia."

"Ulisema hivyo jana. Twende hospitali kwanza, Mama Sifuna."

"Mkono si pikipiki. Mkono hauna abiria." Akavua sumaku shingoni, akamvika mume wake. Akampa koleo lake, lile lenye mikono iliyofungwa mpira mweusi. "Nenda wewe. Mimi nitabaki na simu, nikimpata Kizito nitamwambia asimame. Kwa Lajwanti sema kubwa, ya waya ya betri, na kava yake ya mpira. Usitazame pakiti."

"Hata nikitazama nitaona nini?" Jotham akasema. Hakuwa amesoma.

"Ndiyo maana nakutuma. Wanaosoma pakiti ndio wananunua takataka."

Akacheka. Jotham hakucheka. Alimwambia Nabwile, akiwa ameelekeza uso pembeni kama inavyotakiwa, "Usimwache peke yake." Nabwile akaitikia, "Ndiyo, Baba."

Ndani ya matatu ya Kitale, njia nzima mpaka Kiminini, Jotham alishika simu mkononi. Alikuwa na hofu mbili na alijaribu kushika moja tu. Kila pikipiki iliyopita na mwanamke nyuma aliigeukia. Mawingu yalikuwa yameanza kukaa juu ya Cherangany, na bado ilikuwa asubuhi.

Mji wa Kitale alikuwa anaujua vizuri. Ni huko alikomwona Nelima mara ya kwanza. Yeye alikuwa mpakiaji wa magunia ya mahindi. Nelima alikuwa msichana wa kazi katika nyumba ya mzee Kartar, fundi Mhindi wa stima za matrekta na malori, na mume wa Lajwanti. Kila mchana alimpelekea mzee chakula kwenye gereji, na badala ya kurudi na vyombo alibaki akimshikia taa. Mzee Kartar hakuwa mtu wa maneno. Alikuwa akibana kichwa cha waya, anampa Nelima, anasema, "Vuta." Nelima anavuta. Ikitoka, mzee anaanza upya bila kukasirika. Siku moja mzee alimpa koleo, Nelima akabana, mzee akavuta kwa nguvu zake zote mpaka akasukuma stuli ikaanguka. Waya haikutoka. Kuanzia hapo Lajwanti alitafuta msichana mwingine wa kuosha vyombo, na kila mara alimkumbusha Nelima kwamba huyo mwingine alikuwa mvivu.

Walipooana na kuhamia Kanduyi, watu walimcheka Jotham. Mke anashika koleo, wewe unashika nini? Jotham alijibu kwamba anashika tochi. Na ni kweli, alimshikia tochi miaka yote, chini ya malori, kisha pikipiki zilipojaa, chini ya matangi. Hakuwahi kubana hata kichwa kimoja. Hakuna aliyemwambia abane.

Duka la Lajwanti lilikuwa pale pale. Mama mwenyewe alikuwa ameketi nyuma ya kaunta, nywele zimekuwa nyeupe zote, miwani imefungwa kamba.

"Mzee Jotham! Nelima iko wapi? Leo ametuma bwana?"

"Yuko nyumbani, Mama. Mkono unamsumbua."

"Mkono gani?"

"Wa kushoto."

Lajwanti alimwangalia kidogo juu ya miwani. "Ameenda daktari?"

"Amesema kwanza pikipiki."

"Kichwa ngumu. Kutoka zamani, kichwa ngumu." Akageuka kwenye rafu. "Wewe nataka nini?"

Jotham akamweleza. Lajwanti akaweka mbele yake maboksi mawili, moja jipya linalong'aa, lingine limechakaa pembe. Terminali za ndani zilifanana. Jotham akavua sumaku. Sumaku ikagonga kaunta. Aliipitisha juu ya lile boksi linalong'aa. Hakuna kilichoruka. Akaipitisha juu ya lile lililochakaa. Nalo likatulia.

"Zote mzuri," Lajwanti akasema. "Unafikiri Nelima angeingia hapa tena nikiuza mbaya? Angenipiga na hiyo kitu ya shingo."

"Nichukue ipi?"

"Kunja."

"Nini?"

"Kunja masikio yake. Hapa, na kidole. Mzee yangu alikuwa anasema, ile ya kuvunjika ni ya kutupa."

Jotham akachukua moja ya boksi jipya, akakunja vile vimasikio viwili vinavyokumbatia waya. Kimoja kikakatika. Akachukua ya boksi la zamani, akakunja, akakunjua, akakunja. Kikakubali kama ulimi wa ng'ombe.

"Hiyo," akasema.

"Hiyo," Lajwanti akasema. Akamfungia na kava za mpira, na akaongeza nyingine juu bila kuulizwa. Kisha akamshika mkono wa shati. "Mwambie Nelima, Lajwanti amesema daktari leo. Leo, si kesho. Sawa?"

Maneno hayo yalimfuata Jotham mpaka barabarani. Akampigia Nabwile.

"Anaendelea aje?"

"Amelala kidogo, Baba. Amekula kiazi nusu. Kizito bado hajapatikana."

Kwenye steji ya bodaboda karibu na soko, vijana walikuwa wameegemea pikipiki zao. Jotham aliuliza kama kuna anayemjua Kizito wa Naitiri, wa kabeji.

"Kizito wa mdomo mrefu?" akajibu mmoja mrefu, mwenye koti la mvua. Jina lake lilikuwa Kipketer. "Ameshusha kabeji asubuhi, akarudi Kachibora. Simu yake ilianguka kwa maji, mzee, hutampata. Ameenda kuleta bibi."

"Pikipiki yake ilikuwa aje?"

"Pikipiki? Ilikuwa inanuka." Wenzake wakacheka. "Tulimwambia, bana, hiyo kitu inanuka kama sufuria imeungua. Akasema ati ni fundi mpya, waya mpya, ndiyo harufu ya upya."

Jotham akaenda moja kwa moja kwenye pikipiki ya Kipketer.

"Nipeleke Kachibora," akasema.

"Mvua inakuja, mzee wangu."

"Nipeleke sasa hivi."

Kabla ya kupanda aliinama, akatazama chini ya tangi la Kipketer. Kipketer akauliza anatafuta nini. Jotham akasema, "Natafuta fundi wako alikuwa nani." Kipketer akacheka, lakini alipoona uso wa mzee akawasha.

Njiani mvua ilianza kidogo kidogo. Jotham hakuifikiria. Alikuwa anatazama mbele, kila pikipiki inayokuja, akitafuta mwanamke mwenye tumbo nyuma, akitafuta moshi. Pikipiki moja ilikuja na mwanamke amefunga leso ya manjano, na Jotham akampiga Kipketer mgongoni asimame. Hakuwa Phelista. Alikuwa mama amebeba kuku.

"Mzee, utaniua kabla ya mvua," Kipketer akasema.

Walimkuta Kachibora, kwa wakwe zake, pikipiki iko chini ya paa la jikoni. Phelista alikuwa tayari amevaa sweta, begi la mtoto liko miguuni, mkono kiunoni. Kizito alikuwa anajaribu kuwasha. Aliona sumaku shingoni kwa Jotham kabla hajamwona Jotham mwenyewe.

"Mzee! Mama Waya amekutuma? Hii kitu tangu asubuhi inasumbua. Inawaka, inazima."

"Toka hapo," Jotham akasema. "Usiiwashe. Phelista, mama, rudi nyuma. Ingia kwa nyumba."

Hakuna aliyewahi kusikia Jotham akiamuru mtu. Phelista akaingia.

Walifungua kiti, wakatoa waya wa betri kwanza, ule mweusi, kama Nelima alivyofanya siku zote. Wakafunga petroli. Wakanyanyua tangi. Harufu ikatoka kabla ya kitu kuonekana. Ile terminali kubwa ilikuwa imekuwa nyeusi, kutu imetoka pembeni, na plastiki iliyoizunguka imeyeyuka, imetiririka kama nta mpaka ikagusa mpira wa petroli. Mpira ulikuwa umeanza kuwa laini. Jotham aliubonyeza na kidole, na alama ya kidole ikabaki.

Kizito aliangalia hiyo alama. Kisha akaangalia mlango ambao mke wake aliingia.

Kipketer ndiye aliyesema, "Hiyo ndiyo harufu ya upya?"

"Nyamaza wewe," Kizito akasema.

Kizito akaenda kutafuta kipande cha mpira kizuri kwa jirani mwenye gereji. Jotham akabaki na waya mkononi. Alikata sehemu iliyoungua, akachuna plastiki, akasokota nyuzi za shaba zikakaa pamoja. Mpaka hapo alikuwa ameona mara nyingi sana. Lakini koleo lilikuwa zito kuliko alivyodhani, na Kipketer ndiye sasa alishika tochi ya simu. Alibana. Ilionekana imekaa. Hakuwa na hakika. Mtoto aliyekuwa bado hajazaliwa angepita juu ya hiyo kazi, na yeye hakuwa fundi.

Akapiga simu nyumbani. Safari hii aliyepokea ni Nelima mwenyewe.

"Umempata?"

"Nimempata. Ilikuwa imefika kwa mpira wa petroli."

Pumzi ya Nelima ilikuwa fupi, Jotham aliisikia. "Na Phelista?"

"Yuko ndani. Hajapanda."

"Asante Mungu. Asante, Baba Sifuna." Kisha, "Nani anabana?"

"Mimi."

"Wewe?" Akacheka, na kicheko kikakatika katikati. "Haya. Lajwanti alikupa ipi?"

"Ya boksi la zamani. Lajwanti amesema uende daktari leo."

"Huyo naye. Nabwile ameshaita gari, tunangojea hapa. Usihangaike. Niambie hiyo waya."

Jotham alimwambia. Amebana masikio ya ndani kwenye shaba, ya nje kwenye plastiki. Ameweka kava ya mpira kabla ya kubana, hakusahau. Nelima aliuliza swali moja moja, na kila jibu alisema "mh". Mvua ilikuwa inapiga mabati kwa nguvu na Jotham alilazimika kubandika simu sikioni kwa bega, waya mkono huu, terminali mkono ule. Hapo Nelima akamwambia jambo la mwisho, na simu ikakatika. Jotham alifikiri ni mvua.

Alifanya alivyoambiwa. Wakarudisha tangi. Pikipiki ikawaka mara ya kwanza, taa ikasimama nyeupe bila kutetemeka. Kizito alingoja mvua ikatike ndipo akampandisha Phelista, na Jotham na Kipketer wakawafuata nyuma mpaka Kitale, wakinusa. Hakukuwa na harufu yoyote ila ya mvua. Hospitalini Phelista aliteremka, akamshika Jotham mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Mwambie Mama Waya nitakuja nimwonyeshe mtoto."

Alipofika Kanduyi watu walikuwa wameanza kujaa uani. Kibanda kilikuwa kimefungwa. Nabwile alikuwa anamngojea kwenye geti. Alipomwona hakurudi nyuma. Alitembea moja kwa moja mpaka kwake, akanyoosha mkono, akamshika mkono wake, akaung'ang'ania. Jotham aliangalia huo mkono wa mkaza mwana wake juu ya mkono wake, na hakuhitaji kuambiwa. Gari lilikuwa limefika, Nabwile alisema baadaye. Halikuwahi kutoka getini.

Phelista alijifungua msichana, na wakamwita Nelima. Kizito humleta Kanduyi, akiwa amefungwa mgongoni kwa mama yake, kwa pikipiki ile ile. Kila wakija Jotham hunyanyua tangi kabla ya kuwasalimia. Sumaku iko shingoni mwake. Terminali ile aliyoibana pale Kachibora, mvua ikipiga mabati, bado ipo, haijageuka rangi. Na kila akiigusa husikia tena yale maneno ya mwisho ya Nelima kwenye simu, ambayo yalikuwa haya, neno kwa neno:

"Sasa vuta. Vuta kama mtu anataka kukunyang'anya. Imekataa kutoka? Vuta tena. Haya, weka tangi, halafu uje nyumbani polepole, barabara ina maji."